Vigawo, vigawe na namba tasa: jibu limekataa, kosa liko wapi?

Jioni huwa nakaa na watoto wa darasa la tano mpaka la saba hapo barazani kwangu, wa jirani na wa ndugu, sio tuisheni rasmi ila ikikaribia mitihani panajaa mpaka mkeka wa pili unatoka ndani. Sasa kwa muda wote huo nimeona kitu kimoja, makosa ya vigawo, vigawe na namba tasa (zile zinazogawanyika kwa namba mbili tu, 1 na zenyewe) hayabadiliki, ni yaleyale, mtoto wa mwaka huu anakosea palepale alipokosea kaka yake, alafu mzazi anayemsaidia usiku naye anateleza hapohapo. Ndo maana nimeona niandike kifundi fundi, ukisikia mlio huu fungua hapa, ukiona moshi ule angalia kule. Na karibu makosa yote mi nayaona yana chanzo kimoja, mtu hajui asimame wapi. Kuna anayeacha kujaribu mapema mno na kuna asiyeacha kabisa.

Umeulizwa vigawo vya 12, umeandika 12, 24, 36, 48

Hii ndo ya kwanza na inauma kwa sababu mtoto hesabu anaijua, kilichomponza ni herufi moja. Vigawo na vigawe. Tofauti ni o na e mwishoni basi, na kwenye karatasi ya mtihani ukisoma haraka ni neno lilelile. Waliosoma inglishi midiam wanaita fakta na maltipo, hawana shida hii, wana za kwao.

Dawa yake iko kwenye Kiswahili chenyewe na nashangaa kwanini haisemwi darasani. Angalia maneno yanayoishia na e: kiumbe ni aliyeumbwa, mtume ni aliyetumwa, mteule ni aliyeteuliwa. Yote yametendwa. Kwahiyo kigawe ni kile kinachogawanywa. Alafu angalia yanayoishia na o: kizibo kinaziba, kifuniko kinafunika, kifutio kinafuta. Ni vifaa vya kazi. Kwahiyo kigawo ni kifaa cha kugawia. Ukisema 3 na 12, 3 ndo kigawo maana inagawa, na 12 ndo kigawe cha 3 maana inagawanywa na 3. Nikishamwambia mtoto hivyo na akashika kifutio chake mkononi akakiangalia, simrudishii tena somo hilo.

Kipimo cha haraka ukishaandika: kigawo hakiwezi kuzidi namba yenyewe, na kigawe (tukiacha sifuri) hakiwezi kuwa chini yake. Ukiulizwa vigawo vya 12 ukaona umeandika 24, futa. Na 12 yenyewe inaingia pande zote mbili, ni kigawo chake na kigawe chake, hapo usiogope. Sifuri ni kigawe cha kila namba kwa sababu 12 mara 0 ni 0, ila shuleni mara nyingi wanaanza kuorodhesha na namba yenyewe, kwahiyo wewe fuata swali linavyosema. Kuwa kigawo cha 12 ndo haiwezi, huwezi kugawa kwa sifuri.

Hapa ndo kusimama kunapoanza kuwa na maana. Vigawo vina mwisho, vigawe havina. Swali la vigawe lazima likuambie "vitano vya mwanzo" au "vilivyo chini ya 100", lisipokuambia basi limekosewa lenyewe, usijilaumu.

Vigawo umeviandika lakini mwalimu anasema havijatimia

Binti mmoja aliniletea vigawo vya 72 kaandika hivi: 1, 2, 3, 6, 8, 9, 12, 36, 72. Mwandiko mzuri kweli, kapigia mstari kwa rula. Nikamwambia vipo tisa, kuna vilivyopotea. Akasema anko hata hujaangalia vizuri umejuaje? Nimejua kwa sababu vipo tisa, na tisa ni witiri (haigawanyiki kwa 2), nitaeleza sasa hivi.

Chanzo cha tatizo ni kukusanya vigawo vinavyokuja kichwani, kimoja hapa kimoja pale, kama mtu anaokota maembe gizani. Vigawo vinatembea wawili wawili. Ukipata 2 umepata na 36 hapohapo, kwa sababu 2 × 36 ndo 72. Kwahiyo panga hivi, kushoto unapanda moja moja, kulia unaandika mwenzake:

1 × 72
2 × 36
3 × 24
4 × 18
6 × 12
8 × 9

5 haiingii, 7 haiingii, nimeziruka. Baada ya 8 inafuata 9, lakini 9 tayari nimeiona upande wa kulia. Hapo simama. Wa kushoto anapanda, wa kulia anashuka, wakishakutana hakuna kipya tena, ukiendelea utaanza kuandika yaleyale kinyumenyume. Kwahiyo vigawo vya 72 ni 12, na yule binti alipoteza 4, 18 na 24. Unaona 4 na 18 wamepotea pamoja, wenyewe ni mke na mume. 24 mwenzake 3 alikuwepo ila hakuulizwa mwenzake yuko wapi.

Sasa ile ya witiri. Kama vigawo vinatembea wawili wawili basi jumla yao lazima iwe shufwa (inayogawanyika kwa 2), isipokuwa pale namba inapojizidisha yenyewe, kama 36, ambapo 6 × 6 unaandika 6 mara moja tu, ndo unapata vigawo 9. Kwahiyo ukihesabu vigawo ukapata witiri na namba yako sio ya kipeo cha pili (4, 9, 16, 25, 36, 49 na kuendelea), kuna kitu umedondosha. 72 sio ya kipeo cha pili, alivyoleta tisa nikajua. Kinyume chake pia, ukileta vigawo vinane vya 36, umesahau kimoja.

Wa la saba wanaojua kuvunja namba kwenye vigawo tasa wana kipimo kikali zaidi. 72 = 2 × 2 × 2 × 3 × 3. Mbili zipo tatu, tatu zipo mbili. Ukitaka kutengeneza kigawo unachagua uchukue mbili ngapi: hakuna, moja, mbili au zote tatu, hizo ni njia nne. Kwenye 3 ni njia tatu. Nne mara tatu ni 12. Yaani unaongeza moja kwenye kila idadi alafu unazidisha, na ile moja ya kuongeza ni ile chaguo la "sichukui kabisa", ambalo ndo watu wanalisahau. Jaribu 360, ni 2 tatu, 3 mbili na 5 moja, kwahiyo 4 × 3 × 2, vigawo 24. Sasa hata kabla hujaanza kuorodhesha unajua unatafuta watu wangapi.

"Anko, 91 ni tasa"

Hii naisikia kila mwaka. Nikiuliza umepima kwa ngapi, jibu ni lilelile: "Kwa 2 haiingii, kwa 3 haiingii, kwa 5 haiingii." Na 7 je? Kimya. Alafu anaanza kuhesabu tebo ya saba kwa vidole mpaka 84, anaongeza 7, macho yanamtoka. 7 × 13.

Chanzo ni kwamba mtu amezoea vipimo vitatu vyepesi. 2 unaangalia mwisho, 5 unaangalia mwisho, 3 unajumlisha tarakimu, baada ya hapo anaona kazi imeisha. Na 91 haimo kwenye tebo tulizokariri maana wengi tuliishia mara 12. Iko na wenzake wengi wenye sura ya utasa na sio tasa: 51 ni 3 × 17, 57 ni 3 × 19, 87 ni 3 × 29, 119 ni 7 × 17, 133 ni 7 × 19, 143 ni 11 × 13, 161 ni 7 × 23, 187 ni 11 × 17, 221 ni 13 × 17, 247 ni 13 × 19. Wa 3 hao huna sababu ya kukosea, 5 na 7 ni 12 na 12 inagawanyika kwa 3, mchezo umekwisha. Japo usijione mjinga sana, inasimuliwa kwamba Alexander Grothendieck, mmoja wa magwiji wakubwa wa hisabati wa karne ya 20, aliombwa atoe mfano wa namba tasa akasema 57.

Sasa swali lenyewe ni hili, upime mpaka wapi? Kuna watoto wanaosimama kwenye 5, na kuna mwingine nilimkuta na 97 anagawa kwa 2, 3, 4, 5, 6, 7, 8, anaelekea 96, daftari limejaa, kalamu ya risasi imekuwa fupi. Wote wawili wana ugonjwa mmoja.

Jibu linatoka kwenye yale mambo ya wawili wawili. Kama 97 ingekuwa na mtu na mwenzake, mmoja lazima awe mdogo, na mdogo hawezi kufika 10 kwa sababu 10 × 10 ni 100, imeshapita. Kwahiyo ukimaliza wadogo wote chini ya 10 hujapata, hayupo. Na kati ya hao wadogo huna haja ya kupima kwa 4 wala 6 wala 8, maana 2 ikishindwa na wao wameshindwa, na 9 iko mikononi mwa 3. Zinabaki 2, 3, 5, 7. Vipimo vinne tu. 97 inavipita vyote, ni tasa.

Kwa namba yoyote chukua tasa kwa mpangilio, zidisha kila moja kwa yenyewe, ikishapita namba yako simama. Nimewaandikia watoto nyuma ya kaunta buku:

namba chini ya 49, pima kwa 2, 3, 5
chini ya 121, ongeza 7
chini ya 169, ongeza 11
chini ya 289, ongeza 13
chini ya 361, ongeza 17
chini ya 529, ongeza 19
chini ya 841, ongeza 23
chini ya 961, ongeza 29
mpaka 1000, ongeza 31

Yaani namba yoyote chini ya elfu, vipimo 11 vinakumaliza. Tasa chini ya 100 ziko 25, chini ya 1000 ziko 168. Ukiorodhesha za chini ya 100 ukapata 26 au 27, nenda moja kwa moja kwa 91, 51, 57 na 87, na kaangalie kama umeandika 1 mwanzoni.

Kama unazitaka zote kwa mpigo, sio moja moja, usipime, chekecha. Hii ni ya Eratosthenes, aliyezaliwa Kurene huko ambako leo ni Libya akaja kuongoza maktaba ya Aleksandria, Misri. Unaandika 2 mpaka 100, unakata vigawe vya 2 ukiiacha 2, vya 3 ukiiacha 3, vya 5, vya 7, basi. Kosa la hapa ni mtoto anayeendelea kukata vya 11, vya 13, anachoka bure, kigawe cha kwanza cha 11 ambacho hakijakatwa na wadogo ni 121 na hakimo kwenye karatasi yake. Unaona tena, ni kusimama.

Kipimo cha kugawanyika kinakudanganya

Hapa watu wanachukua kipimo cha namba moja wanakipeleka kwa nyingine. "23 inaishia na 3 kwahiyo inagawanyika kwa 3." Hapana. Kuangalia tarakimu ya mwisho kunafanya kazi kwa 2, 5 na 10 tu, kwa sababu tunahesabu kwa makumi na hao ndo wanaoingia kwenye kumi. Kujumlisha tarakimu ni kwa 3 na 9, kwa sababu 9, 99, 999 zote zinagawanyika kwao. Ukijumlisha tarakimu kupima 7 unacheza bahati nasibu.

7 ina yake. Chukua tarakimu ya mwisho, izidishe kwa 2, itoe kwenye kilichobaki mbele. 203: mwisho 3, mara 2 ni 6, 20 toa 6 ni 14, inaingia, na kweli 203 ni 7 × 29. 343: 34 toa 6 ni 28, inaingia. Inafanya kazi kwa sababu ukirudi nyuma kuangalia, ulichotoa kwa siri ni 21 mara ile tarakimu, na 21 ni kigawe cha 7, kwahiyo hujaharibu kitu. Kwa 11 unajumlisha na kutoa kwa zamu: 209, 2 toa 0 ongeza 9 ni 11, inaingia, 11 × 19. Kwa 13 tarakimu ya mwisho unazidisha kwa 4 unaongeza: 247, 24 ongeza 28 ni 52, na 52 ni 13 × 4. Ukisahau hivi vipimo sio dhambi, gawa tu kwa mkono, hakuna anayekukimbiza.

Kuna kosa lingine la ujanja zaidi. "36 inagawanyika kwa 4 na inagawanyika kwa 6, basi inagawanyika kwa 24." Jaribu uone, inabaki 12. Chanzo ni kwamba 4 na 6 wana 2 ya pamoja, umeihesabu mara mbili kama mtu aliyedai nauli ileile kwa konda na kwa dereva. Kuunganisha vipimo kunakubalika pale tu wenyewe hawana kigawo cha pamoja zaidi ya 1. Ukitaka 24 pima 3 na 8.

Kuhusu 1 na 2

Haraka haraka. 2 ni tasa, ni shufwa pekee iliyo tasa, shufwa zingine zote tayari zina 2 ndani. Witiri sio lazima iwe tasa, 9 na 15 zipo. 1 sio tasa. Tasa ina vigawo viwili kamili, yenyewe na 1, na 1 ina kigawo kimoja. Mtoto akiuliza kwanini wameitoa, mwambie avunje 12 kwa tasa huku 1 imeruhusiwa: 2 × 2 × 3, au 1 × 2 × 2 × 3, au 1 × 1 × 2 × 2 × 3, asubuhi itafika bado hajamaliza. Tukiitoa, kila namba inavunjika kwa namna moja tu na hiyo ndo faida yote ya tasa. Ila mzee wako akikwambia zamani 1 ilihesabiwa usimbishie sana, jedwali la tasa la mwanahisabati Derrick Norman Lehmer lililotoka 1914 bado lilianza na 1.

KKS na KDS zimebadilishana viti

Kigawo Kikubwa cha Shirika, Kigawe Kidogo cha Shirika. Mtoto anaona "kikubwa" anategemea jibu kubwa, anaona "kidogo" anategemea jibu dogo, na ni kinyume kabisa. KKS ni kigawo, haizidi namba ndogo kati ya ulizopewa. KDS ni kigawe, haishuki chini ya namba kubwa.

Huwa natumia kreti na trei. Kreti ya soda ina chupa 24, trei ya mayai ina mayai 30. Kuna shughuli, kila mtoto apate soda moja na yai moja na kisibaki kitu, uagize angalau kwa watoto wangapi? Chupa zinakuja 24, 48, 72, 96, 120. Mayai 30, 60, 90, 120. Zimekutana 120, kreti tano na trei nne. Hiyo ni KDS. Lakini kama una kreti moja na trei moja tayari mezani, unataka kufunga mifuko inayofanana bila kubakiza, mifuko mingi kadri inavyowezekana, hapo unagawa, ni KKS: mifuko 6, kila mmoja soda 4 na mayai 5. Swali likikwambia vitu vinaongezeka mpaka vikutane ni vigawe, likikwambia vitu vilivyopo vinakatwa ni vigawo.

Kosa la pili ni kuzidisha tu, 24 × 30 = 720, ukasema ndo KDS. Ni kigawe cha shirika kweli ila sio kidogo, umenunua kreti 30 za watoto 120. Umesahau 6 ya pamoja. Gawa 720 kwa 6 unapata 120. Na hapo ndo kipimo, kwa namba mbili KKS mara KDS lazima ilingane na kuzidisha namba zenyewe. Ila ni kwa namba mbili tu jamani, nimeona mtu anakata jibu sahihi la mtoto kwa kutumia kipimo hiki kwa namba tatu. 4, 6 na 10: KKS 2, KDS 60, zidisha 120, wakati 4 × 6 × 10 ni 240. Majibu yako sawa, kipimo ndo sio chake.

Kwenye njia ya ngazi, ile ya kugawa namba zote kwa tasa moja moja ukiziandika pembeni, kosa ni moja, kuchanganya za kuchukua: kwa KKS chukua tu zile tasa zilizogawa namba zote kwa pamoja, kwa KDS chukua zote za pembeni.

Na kama namba ni kubwa na huoni pa kuanzia, mfano unatakiwa kurahisisha 1073/1147, umejaribu 2, 3, 5, 7, 11 imegoma, ukaandika "hairahisishiki". Usivunje. Toa. 1147 toa 1073 ni 74. Chochote kinachogawa zote mbili lazima kigawe na 74. Sasa gawa 1073 kwa 74, inabaki 37. Gawa 74 kwa 37, haibaki kitu. KKS ni 37, na sehemu yako ni 29/31. Njia hii iliandikwa na Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, kama mwaka 300 kabla ya Kristo na sijaona bora kuliko hiyo kwa karatasi na kalamu. Unasimama pale baki inapokuwa sifuri, na baki ya mwisho kabla ya sifuri ndo jibu.

"Nimepata fomula ya tasa"

Kila baada ya muda inazunguka kwenye magrupu. Moja inasema tasa zote baada ya 3 zimekaa jirani na kigawe cha 6, moja nyuma au moja mbele. Ni kweli. Alafu mtu anaigeuza, basi kila jirani wa kigawe cha 6 ni tasa. 25 ni jirani wa 24, 35 jirani wa 36, 49 jirani wa 48. Wazaramo wote wanatoka pwani, haimaanishi kila mtu wa pwani ni Mzaramo.

Nyingine ni ile ya mwanahisabati Euler, chukua namba, izidishe kwa yenyewe, ongeza namba ileile, ongeza 41. Ukianza na 0 mpaka 39 unapata tasa kila mara, mara arobaini mfululizo, ukifika 40 inakupa 1681 ambayo ni 41 × 41. Aliyesimama kwenye 39 angeapa msikitini.

Na ya tatu: zidisha tasa zote mpaka unapotaka, ongeza 1, umepata tasa mpya. Inatoka kwenye hoja ya Euclid kwamba tasa haziishi, ila imesikiwa vibaya. 2 × 3 × 5 × 7 × 11 × 13 ongeza 1 ni 30031, na hiyo ni 59 × 509. Alichosema ni kwamba namba hiyo haigawanyiki kwa yoyote uliyotumia, kwahiyo kuna tasa ambayo hukuwa nayo, hapa ni 59 na 509. Ndo maana hata ile tasa kubwa iliyotangazwa Oktoba 2024, 2 kwa kipeo cha 136,279,841 toa 1, yenye tarakimu milioni 41 na zaidi, waliiita kubwa kuliko zote zinazojulikana, sio kubwa kuliko zote.

Kompyuta inasema tasa na sio tasa

Hii ni ya wale vijana wanaojifunza kuandika programu za kompyuta. Programu yako ya Python inasema 9, 15, 25, 35 na 49 ni tasa? Angalia range. Umeandika range(2, int(n**0.5)), na range haiingizi namba ya mwisho, kwahiyo kwa 25 inapima 2, 3, 4 inaacha 5 yenyewe. Weka + 1. Kama inasema na 1 ni tasa, huko haikuingia kwenye luupu kabisa, itoe mwanzoni kwa if.

Excel nayo ukiipa namba ya tarakimu 16 inahifadhi 15, ya mwisho inaigeuza sifuri, 1234567890123457 inakuwa 1234567890123450, alafu unashangaa kwanini inagawanyika kwa 10. Namba uliyopima sio uliyoandika.

Yule binti wa 72 juzi kaja na 323. Kapima 2, 3, 5, 7, 11, 13, akaandika tasa, alafu kabla sijasema kitu akavuta daftari akazidisha 17 kwa 17 pembeni, 289. "Bado anko." Akafuta neno tasa, akagawa kwa 17, akapata 19.